Korogwe na Handeni: Miji iliyolelewa na mkonge, na watoto waliobaki nyuma yake

MSAFIRI wa Moshi au Arusha huifahamu Korogwe kwa dakika ishirini tu. Basi linasimama, abiria wanashuka kujinyoosha, machungwa yananunuliwa dirishani, konda anaita, safari inaendelea. Handeni wengi hawaifahamu hata kwa kiasi hicho. Barabara kuu inagusa Mkata, Kabuku na Segera, kisha inaelekea zake kaskazini. Makao makuu ya wilaya, mji wa Chanika, yako ndani zaidi, na asiye na shughuli huko hafiki.

Ni hasara, hasa kwa mzazi anayetaka watoto wake waijue nchi yao nje ya vitabu vya shule. Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Tanga ni mahali ambapo mtoto anaweza kuona kwa macho yake kitu kigumu kueleza kwa maneno: jinsi zao moja linavyoweza kujenga miji, kuleta watu kutoka pande zote, kuwapa shule na zahanati, kisha likaanguka na kuwaacha watu na maisha yao palepale.

Ulaya na Marekani hadithi hii husimuliwa kwa makaa ya mawe na chuma. Pittsburgh, jiji la Marekani lililokuwa maarufu kwa chuma, lilipoteza maelfu ya ajira viwanda vilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na vitongoji vilivyolizunguka vikaumia kuliko jiji lenyewe. Jiji lilikuwa na vyuo vikuu na hospitali kubwa za kulishika mkono. Vitongoji havikuwa na kitu cha kushika.

Tanzania haikuwa na jiji la chuma, ila ilikuwa na jiji la mkonge. Jiji hilo ni Tanga, na vitongoji vyake ni Korogwe, Muheza, Pangani na Handeni.

Miche 62

Mkonge si mmea wa asili ya Afrika. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dk Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ya bahari ilikuwa ndefu, na mingi ilikufa njiani. Iliyopona na kupandwa Kikogwe, karibu na mji wa Pangani, ilikuwa 62 tu.

Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba yaliyoenea bonde zima la Mto Pangani na kufika hadi Morogoro na Kilimanjaro. Mwaka 1964 uzalishaji ulifikia takriban tani 230,000, na nchi ikahesabiwa kuwa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Mkonge uliitwa dhahabu ya kijani. Kamba za meli, magunia, mazulia na nyuzi za kufungia majani ya mifugo Ulaya vilitokana na jani lililokatwa Ngombezi, Magunga, Mwelya, Hale au Magoma, yote yakiwa mashamba ya Korogwe.

Mtoto akisimama kando ya shamba la mkonge leo ataona safu zilizonyooka kama zimepimwa kwa rula, na hapa na pale mlingoti mrefu umechomoza juu. Mlingoti huo una somo lake. Mmea wa mkonge huutoa mara moja tu katika maisha yake, ukazaa vimiche juu ya matawi yake, kisha ukafa. Wenyeji huikata milingoti hiyo wakajengea nyumba, mabanda na uzio.

Manamba na watoto wao

Mashamba yalihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo. Wasambaa, Wazigua na Wabondei, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa na mashamba yao ya mahindi na migomba, na wengi hawakuona sababu ya kwenda kukata majani yenye miiba kwa ujira mdogo. Ndipo vibarua wakaletwa kutoka mbali: Kigoma, Songea, Iringa, na hata nje ya mipaka, Msumbiji na Burundi. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kuandikisha na kusafirisha watu, lililojulikana kwa jina la Silabu.

Watu hao waliitwa manamba, kwa namba walizopewa. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na hakulipwa mpaka siku zimetimia. Kazi ilikuwa kukata majani, kuyafunga matita na kuyabeba hadi kwenye reli ndogo ya shamba, yakapelekwa korona, kiwanda cha kusaga jani na kutoa singa. Haikuwa kazi ya watu wanyonge wa kunyamaza. Mwaka 1958 wafanyakazi wa shamba la Mazinde, upande wa Mombo, waligoma, na mgomo wao umeingia katika historia ya vyama vya wafanyakazi nchini.

Waliokuja kwa mkataba wa miaka miwili, wengi hawakurudi. Walioa, walizaa, walizika wazee wao palepale. Ndiyo maana Korogwe, mji ambao mtu angetarajia kukuta Wasambaa na Wazigua watupu, una familia zenye majina ya Kiha, Kimakonde, Kibena na Kinyamwezi. Mjukuu wa manamba leo huongea Kiswahili cha Tanga, na akiulizwa kwao ni wapi, hujibu Korogwe.

Kambi za mashamba hazikuwa pepo. Familia ilipewa chumba au viwili, vyoo vilikuwa vya wote, na maji yalifuatwa bombani kwa foleni. Hata hivyo katika mashamba makubwa kulikuwa na zahanati, shule ya msingi, duka, uwanja wa mpira na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku alijua gari la shamba lipo. Kwa vijiji vingi vya jirani visivyo na kitu, kambi ilikuwa mahali pa kukimbilia.

Korona zilipozimwa

Anguko halikuja kwa siku moja. Nyuzi za plastiki ziliingia sokoni katika miaka ya 1960, zikawa nafuu na nyepesi, na bei ya mkonge ikashuka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba. Mitambo ilizeeka, vipuri vikakosekana, mashamba yakaachwa bila kupandwa upya. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa kama tani 20,000, chini ya sehemu moja ya kumi ya ule wa 1964.

Takwimu hizo huandikwa kwenye ripoti za uchumi. Nyumbani zilionekana kwa namna nyingine. Korona ilipozimwa, mshahara ulikatika. Mshahara ulipokatika, zahanati ya shamba ilibaki bila dawa, kisha bila mganga. Pampu ya maji iliyokuwa ikitumia umeme wa kiwanda ilisimama, na wanawake wakarudi mtoni na ndoo. Jambo zito kuliko yote ni kwamba familia ilikuwa imeishi miaka arobaini kwenye ardhi isiyo yake. Chumba kilikuwa cha shamba, na kiwanja cha kulima mahindi kilikuwa cha shamba. Mkulima maskini wa kijijini angalau alikuwa na ekari mbili za babu yake. Mtoto wa kambini hakuwa na hata mgomba wa kurithi.

Baadhi ya mashamba yaliyotelekezwa yalifutiwa hati na ardhi ikagawiwa wananchi. Mengine yaliuzwa kwa kampuni binafsi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianza pia utaratibu wa wakulima wadogo kupewa maeneo ndani ya mashamba ya zamani, wakalima mkonge wao na kuupeleka korona ya pamoja. Hale, Magunga, Mwelya, Ngombezi na Magoma ni miongoni mwa mashamba yaliyoingia katika utaratibu huo, na leo wakulima wake wamo kwenye vyama vya ushirika.

Mji wa mto na reli

Korogwe yenyewe haikufa, kwa sababu ina vitu viwili ambavyo mkonge haukuweza kuondoka navyo: mto na njia.

Mto Pangani, unaoitwa pia Ruvu, hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, ukapita bwawa la Nyumba ya Mungu na kushuka hadi Bahari ya Hindi. Upande mmoja wa mto iko Korogwe ya zamani, upande wa pili Manundu, penye soko na pilikapilika za sasa. Chini kidogo ni Hale, ambako kituo cha umeme wa maji cha megawati 21 kilianza kazi mwaka 1964. Hapohapo Hale, katika miaka ya 2000, kilijengwa kiwanda kidogo cha kugeuza mabaki ya mkonge kuwa gesi na umeme. Wazo hilo lina mantiki ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi ataielewa: katika kila kilo 100 za majani ya mkonge, singa inayopatikana ni kilo chache tu, kama mbili hadi nne. Zilizobaki ni maji na makapi, ambayo kwa miaka mingi yalimwagwa tu na kuishia mitoni.

Reli ilitangulia barabara. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, mwaka uleule wa miche ya mkonge. Ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Treni ya abiria ilisimama kwa zaidi ya miongo miwili, ikarejea Desemba 2019. Kwa mtoto aliyezoea basi, kuingia stesheni ya Korogwe ni kuingia historia ikiwa bado inatumika.

Ukiendelea kama kilomita 40 kaskazini unafika Mombo, njia panda ya Lushoto. Hapa matunda ya milimani, plamu, peasi na mboga, hukutana na mpunga wa skimu ya umwagiliaji ya bondeni. Mombo nayo ilikuwa mji wa mkonge. Sasa inaishi kwa njia panda.

Watoto wa Korogwe walivyoisaidia dunia

Kuna jambo moja la Korogwe ambalo halina sanamu wala kibao barabarani, na ambalo kila mzazi Afrika anapaswa kulijua.

Malaria ilikuwa sehemu ya maisha ya bonde hili. Mwaka 2003, watafiti walipopima damu za watoto na vijana wa kijiji kimoja cha bondeni wilayani Korogwe, zaidi ya saba kati ya kila kumi walikuwa na vimelea. Walipopima tena mwaka 2008, idadi ilikuwa imeshuka hadi kati ya mmoja na wawili katika kila kumi. Vyandarua vyenye dawa na tiba bora zaidi vilikuwa vimefika, ingawa wanasayansi walisema sababu ni zaidi ya moja.

Mwaka uliofuata, 2009, Korogwe iliingia katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S. Lilifanyika katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika na kuhusisha watoto 15,459. Tanzania ilikuwa na vituo viwili: Bagamoyo na Korogwe. Kina mama wa hapa, wakiwamo wa vijiji vya mkonge, waliwaleta watoto wachanga wa wiki sita hadi 12 na wengine wa miezi mitano hadi 17, wakafuatiliwa kwa miaka. Jaribio lilikamilika 2014. Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa Afrika wanaoishi kwenye maeneo ya malaria. Ilikuwa chanjo ya kwanza ya malaria kupata pendekezo hilo.

Watoto hao sasa ni vijana wa sekondari. Baadhi yao huenda hata hawakumbuki sindano. Mzazi anayepita Korogwe na mwanawe anaweza kumwambia kwa haki kabisa: katika mji huu, watoto wadogo kuliko wewe walitoa mkono wao ili watoto wa nchi nyingine wapone.

Ikumbukwe kwamba chanjo hiyo hupunguza malaria, haiifuti. Hutolewa kwa dozi nne, na chandarua kinabaki palepale kitandani.

Lutindi, hospitali ya mlimani

Juu ya bonde, Korogwe ina sura nyingine kabisa. Barabara zinapanda kuelekea Bungu, Dindira na Vugiri, hewa inapoa, na mkonge unabadilishana na chai. Huko ndiko iliko Lutindi.

Wamisionari wa Kijerumani walianzisha kituo hapo mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani. Mwaka 1904 kikaanza kupokea wagonjwa wa akili, na leo kinahesabiwa kuwa hospitali kongwe zaidi ya afya ya akili Afrika Mashariki. Kipo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Wagonjwa wanaopata nafuu hushiriki kazi za mikono na za shamba kama sehemu ya tiba, wazo ambalo kwa wakati huo lilikuwa mbele ya mengi.

Kwa familia nyingi, ugonjwa wa akili bado ni jambo la kufichwa chumba cha nyuma. Kwamba mlimani Korogwe kumekuwa na mahali pa kuutibu kwa zaidi ya miaka 120 ni habari inayostahili kuzungumzwa mezani. Lutindi si mahali pa kwenda kutazama wagonjwa. Ni mahali pa kujua kwamba papo, siku ambayo ndugu atahitaji.

Handeni: maji kwanza

Ukitoka Korogwe kwenda Handeni ni kilomita 65, sasa kwa lami. Ukitoka Handeni kwenda Mkata ni nyingine 54. Kabla ya lami, kifuku kilikuwa kikiitenga wilaya kwa siku kadhaa.

Nchi inabadilika haraka. Mto unabaki nyuma, vichaka vinaingia, na vilima vya mawe vinachomoza peke yake. Hii ni nchi ya Wazigua, wakulima wa mahindi na maharage, na ya Wamasai na Wakwavi wafugaji. Upande wa Kabuku kuna michungwa, na mkonge ulifika huko pia: katika miaka ya 1960 ulijaribiwa Kabuku kama kilimo cha wanakijiji wenyewe badala ya tajiri.

Lakini ukimuuliza mama wa Handeni shida yake ya kwanza, hatataja mkonge. Atasema maji. Kwa miongo mingi wilaya ilitegemea malambo, visima vya msimu, na bomba kuu linalofahamika kwa kifupi chake, HTM, lililojengwa tangu miaka ya 1970 kuvuta maji kutoka Mto Pangani. Bomba lilizeeka, watu wakaongezeka. Katika mradi wa maji wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo wa India, Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimewekwa pamoja kupata maji ya mto huohuo.

Kwa mwandishi wa bajeti huo ni mradi wa mabomba. Kwa familia ni jambo la afya ya mtoto. Ndoo ya lita 20 ikitoka mbali, huanza kupangiwa: ya kunywa, ya kupikia, ya mtoto kuoga. Kunawa mikono baada ya choo huwa ndiyo ya kwanza kukatwa, na hapo kuhara kunapata mlango. Msichana anayetumwa maji alfajiri hufika shule kipindi cha pili. Maji yakifika kitongojini, kabla ya faida nyingine yoyote, huwapa watoto saa zao.

Waliorudi baada ya zaidi ya karne

Handeni ina kijiji ambacho hadithi yake ingefaa kufundishwa kila shule. Kinaitwa Chogo.

Katika karne ya 19, wakati wa njaa na biashara ya utumwa, Wazigua wengi walichukuliwa kutoka pwani hii na kupelekwa kwa majahazi hadi Somalia, kufanya kazi mashambani. Baadhi walitoroka na kujenga vijiji kwenye bonde la Mto Juba. Vizazi vikapita, na lugha yao ikabaki Kizigua. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka Somalia mwaka 1991, wakawa wakimbizi. Maelfu walipokelewa Marekani. Wengine walielekea kusini, kwenye nchi waliyoisikia kwa bibi na babu.

Walifikia Handeni, kwanza kambi ya Mkuyu, kisha Chogo. Wenyeji waliwasikia wakizungumza, wakawaelewa. Serikali ya Tanzania iliwapa wengi wao uraia na ardhi ya kulima. Kwa mtoto anayesema kilugha cha nyumbani hakina faida, Chogo ni jibu. Lugha ndiyo iliyowaonyesha njia ya kurudi.

Handeni imeendelea kupokea watu. Tangu Juni 2022, Serikali imekuwa ikihamishia familia kutoka Hifadhi ya Ngorongoro kwenye nyumba zilizojengwa Msomera. Mpango huo umezua mjadala mkubwa ndani na nje ya nchi, kuhusu hiari ya wanaohama na haki za waliokuwapo. Walio katikati ya mjadala ni watoto, wanaoanza shule mpya, kliniki mpya na majirani wapya. Historia ya manamba inafundisha kwamba kumhamisha mtu ni kazi ya siku moja, na kumfanya awe mwenyeji ni kazi ya miaka.

Dhahabu na zebaki

Tangu miaka ya 2000, Handeni imejulikana pia kwa dhahabu, hasa eneo la Magambazi. Wachimbaji wadogo huja na kuondoka kwa kufuata uvumi, na familia zao hufuata nyuma.

Hapa wazazi wanahitaji tahadhari moja kubwa: zebaki. Mchimbaji huitumia kunasa chembe za dhahabu, kisha huichoma, na mvuke wake hauonekani. Ukivutwa huharibu ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni au anayenyonya ndiye huumia zaidi. Isichomwe jikoni wala uani. Isihifadhiwe chumba cha kulala. Nguo za kazi zifuliwe mbali na za watoto, na mama mjamzito asishike kabisa.

Ukipanga kwenda na familia

Siku tatu zinatosha kuonja wilaya zote mbili. Mambo machache ya kuzingatia:

- Kiangazi cha Juni hadi Septemba ni rahisi zaidi kwa barabara za vijijini. Beba sweta kwa ajili ya Bungu na Vugiri.
- Chandarua au dawa ya kufukuza mbu ni lazima bondeni. Homa yoyote ndani ya wiki chache baada ya kurudi, mtoto apimwe malaria.
- Mto Pangani si wa kuogelea. Una mamba, na maji ya bondeni yaliyotuama yanaweza kuwa na kichocho. Kwenye maporomoko na mikondo ya kasi kuna usubi, inzi wadogo weusi wanaouma. Vaa mikono mirefu.
- Ncha ya jani la mkonge ni sindano. Watoto wasikimbie kati ya safu, maana iko usawa wa macho yao. Maji yake huwasha ngozi. Osha kwa maji mengi na sabuni.
- Shamba na korona ni mali ya watu. Omba ruhusa ofisini kabla ya kuingia au kupiga picha.
- Ratiba ya treni iulizwe stesheni mapema, isibahatishwe.

Mkonge unarudi, familia zijiulize

Dunia imechoka na plastiki, na mkonge umepata soko tena. Serikali iliweka lengo la kufikisha uzalishaji tani 120,000 kwa mwaka, na Bodi ya Mkonge imekuwa ikiwahimiza wakulima wadogo wapande. Korogwe, vijana ambao wazazi wao waliapa kutorudi tena shambani sasa wanapima ekari.

Safari hii kuna tofauti moja njema: anayepanda ndiye mwenye zao. Hata hivyo mkonge ni zao la subira. Jani la kwanza hukatwa baada ya miaka mitatu hivi, na katika muda huo watoto wanakula kila siku. Ndiyo maana wakulima wazoefu hupanda maharage au mahindi kati ya safu hadi mkonge ukomae.

Afya nayo isisubiri. Watafiti wa Tanzania na Norway waliochunguza wafanyakazi wa viwanda vya mkonge nchini walikuta kikohozi na matatizo ya njia ya hewa kwa wingi, hasa kwa wanaofanya kazi kwenye vumbi la chumba cha brashi. Barakoa na madirisha makubwa si anasa. Na kwa watoto sheria iko wazi: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Mtoto kumsaidia mama kupalilia maharage jioni ni malezi. Mtoto kubeba matita siku ya shule ni umanamba kwa jina jingine.

Kwa hiyo familia inayofikiria kurudi kwenye mkonge, pamoja na kuuliza bei ya tani, iulize maswali mengine matatu. Hati ya ardhi hii ina jina la nani, na je, jina la mama limo? Zahanati ya karibu ni ya nani, na itabaki hata korona ikizimwa? Na mwaka ambao bei itaanguka, maana bei huanguka, watoto watakula nini?

Babu zao walipokanyaga kituo cha Korogwe na namba mkononi, hakuna aliyewapa nafasi ya kuuliza.